Je, Kutoua Kunatosha?

Katika maswali yahusuyo wajibu wa binadamu, liko moja ambalo vijana hulijibu upesi na wazee hulijibu kwa kusitasita. Swali lenyewe ni hili: Sisi wanadamu twawiwa nini na wanyama wa mwituni? Kijana husema, "Tusiwaue, basi." Jibu hilo ni jema, na moyo uliolitoa ni mwema. Lakini nakuomba, msomaji, tulichukue jibu hili tukalipime kama sonara apimavyo pete, tujue kama ni dhahabu tupu au imechanganywa na shaba.

Hoja isiyo na mfano haishiki akilini. Kwa hiyo na tuchague mahali na mnyama, tuvitazame kwa makini, kisha tulirudie swali letu.

Mahali petu ni Kangema. Huu ni mji mdogo wa Murang'a, uliokaa juu ya migongo ya ardhi iliyokatwa na mito ishukayo kutoka milima ya Nyandarua, ambayo Waingereza waliiita Aberdare. Mtu akitoka Kangema akapanda kuelekea magharibi, hupita kwanza mikahawa, kisha mashamba ya chai, na mwisho hufika ukingoni mwa msitu. Juu ya msitu huo, mbali, nyuma ya ukungu, husimama kilele cha Kinangop, chenye kimo cha meta 3,906. Mashamba ni madogo na watu ni wengi, wala hakuna kipande cha ardhi kilicholala bure. Upande mmoja wa mpaka ni nchi ya jembe. Upande wa pili ni nchi ya kwato na makucha.

Mnyama wetu ni bongo wa milimani, ambaye Wagikuyu humwita ndongoro. Ni jamaa wa kulungu na tandala, lakini ni mkubwa na mzito kuliko kulungu, na kwa uzuri hana mfano. Rangi yake ni nyekundu ya udongo uliochomwa, nayo imepigwa mistari myeupe kumi na zaidi, kama chokaa iliyodondoka kutoka mgongoni kwenda tumboni. Dume na jike wote wana pembe zilizojipinda. Akikimbia katika kichaka huinua pua na kuzilaza pembe mgongoni, ili zisinase katika matawi, hata madume wazee huota vipara pale pembe zigusapo ngozi. Hutembea zaidi usiku na alfajiri, na mtu aweza kuishi kando ya msitu maisha yake yote asimwone hata siku moja. Aina hii ya milimani haipatikani po pote duniani ila Kenya: katika Nyandarua, Mlima Kenya, Mau na Eburru. Makadirio mengi ya wataalamu husema kwamba waliobaki mwituni hawafiki 100.

Hawafiki 100! Shule moja ya sekondari ina wanafunzi wengi kuliko hao. Ni nani basi aliyewamaliza?

Jibu la haraka ni kwamba waliuawa na wawindaji. Jibu hilo lina ukweli, lakini si ukweli wote. Wagikuyu wa zamani hawakuwa walaji wa nyama ya mwitu. Mtu aliyejiheshimu alikula nyama ya mbuzi, kondoo na ng'ombe wake. Nyama ya porini aliwaachia Waathi, watu wa msituni walioishi kwa uwindaji na asali. Kwa muda wa karne nyingi Waathi waliwinda, na wanyama hawakwisha, kwa kuwa wawindaji walikuwa wachache na msitu ulikuwa mpana. Katika miaka ya 1890 ikaja sotoka, maradhi ya ng'ombe yaliyovuka mpaka wa zizi na kuua wanyama wa mwitu wasiohesabika, na bongo wakiwamo. Baada ya hapo ukaja utawala wa kigeni pamoja na bunduki, leseni za uwindaji, na shoka. Msitu ukakatwa kutoka chini kwenda juu. Vita vya uhuru vilipozuka mwaka 1952, wapiganaji waliokimbilia Nyandarua walitega wanyama wapate kuishi, na ndege za serikali ya kikoloni ziliumwaga msitu huo mabomu, yasiyochagua kati ya mtu na mnyama. Amani iliporudi, watu walikuwa wameongezeka, na njia za nyaya za kutegea zilikuwa zimekwisha kujulikana.

Ziko silaha mbili zilizomdhuru bongo kuliko zote, nazo ni mbwa na waya. Mbwa wakimfukuza, bongo hakimbii mbali. Hugeuka, akasimama, akawaelekezea pembe. Desturi hiyo ilimwokoa mara nyingi mbele ya chui. Mbele ya mtu mwenye mkuki afuataye nyuma ya mbwa, desturi hiyo hiyo ni kaburi lake. Hapa pana jambo la kufikiriwa: kiumbe aweza kuangamia kwa sababu ya ushujaa wake, na si kwa sababu ya udhaifu wake.

Mwaka 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama wa mwitu katika nchi nzima. Ilikuwa sheria ya kishujaa, na mpaka leo ingaliko. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliitilia nguvu. Basi, kama jibu la kijana wetu lilikuwa dhahabu tupu, tungetazamia wanyama waongezeke tangu mwaka ule. Je, waliongezeka? Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba katika nyanda za malisho za Kenya idadi ya wanyama wa mwitu ilipungua kwa asilimia 68 kwa wastani baina ya mwaka 1977 na mwaka 2016. Bongo naye alizidi kutoweka. Wageni wa hoteli ya The Ark, iliyo ndani ya Nyandarua, waliokuwa wakimwona akija kunywa maji na kulamba chumvi usiku, walifika wakati wakangoja bure.

Usikosee, msomaji, ukadhani kwamba marufuku ndiyo iliyowaua. Majangili hawakuitii, lakini hata wangaliitii wote, kulikuwa na mengine. Watu wa Kenya walikuwa milioni 15 na zaidi katika hesabu ya mwaka 1979. Mwaka 2019 walikuwa milioni 47 na zaidi. Kila mmoja wao ahitaji kuni, shamba na maji. Mifugo iliongezeka, ua ulijengwa, msitu ukamegwa. Mnyama haishi hewani. Ukimnyima majani na maji, umemuua bila kuinua mkono, nawe waweza kuapa kwa haki kabisa kwamba hukumgusa. Kwa hiyo tumepata funzo la kwanza: yuko muuaji mwenye mkuki, na yuko muuaji mwenye jembe, na huyu wa pili hulala usingizi mzuri zaidi.

Sasa na tusafiri mbali kidogo, tuone upande mwingine wa jambo. Katika Marekani magharibi yuko kulungu mwenye masikio makubwa, ambaye kwa ajili ya masikio hayo Wamarekani walimpa jina la baghala, mnyama azaliwaye na punda na farasi. Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt aliitenga nyanda ya juu ya Kaibab, kaskazini ya bonde kuu la Arizona, iwe hifadhi ya kulungu hao. Watu wakakatazwa kuwawinda. Zaidi ya hayo, wawindaji wa serikali wakatumwa kuwaua adui zao, na katika miaka iliyofuata waliua mamia ya puma na maelfu ya koyote. Kulungu, walioaminiwa kuwa wapatao 4,000 hapo mwanzo, wakaongezeka mno. Wengine walisema walifika 100,000. Wataalamu wa baadaye walizikosoa tarakimu hizo, wakasema pia kwamba kupunguzwa kwa mifugo ya watu kulisaidia ongezeko hilo. Lakini mwisho wake haukanushwi. Kulungu walikula majani, wakala machipukizi, wakala matawi mpaka kimo cha shingo zao. Katika majira ya baridi ya katikati ya miaka ya 1920 wakafa njaa kwa maelfu. Mwezi wa Desemba 1924 watu walijaribu kuwaswaga kama mbuzi, ili wavuke bonde waende kwenye malisho mengine. Wapanda farasi wakapiga kelele na kengele, na kulungu wakapenya katikati yao wakarudi walikotoka. Hakuswagwa hata mmoja.

Tazama ajabu ya mambo ya dunia. Roosevelt huyo huyo, aliyewakataza watu wa Kaibab wasiue, alikuja Afrika ya Mashariki mwaka 1909, akafika Nyeri, akawinda tembo katika miteremko ya Mlima Kenya. Katika safari ile yeye na mwanawe waliua wanyama wakubwa 512. Mtu mmoja, katika muda wa miaka mitatu, alikuwa mlinzi huko na mwindaji huku. Wapumbavu watasema kwamba alikuwa mnafiki, na shauri likaisha. Mimi nasema kwamba kosa la Kaibab lilikuwa kubwa kuliko unafiki: lilikuwa ni kudhani kwamba wema ni hesabu ya kujumlisha tu. Walidhani kwamba ukiondoa kifo katika maisha ya kulungu, kitakachobaki ni uhai. Hawakujua kwamba puma naye alikuwa mchungaji wa malisho, ingawa alichunga kwa meno.

Nyandarua nasi tulipata fumbo la namna hiyo, lakini kwa kinyume. Simba waliokuwa wakisumbua mifugo ya watu mahali pengine waliletwa wakaachiliwa katika msitu ule. Ulikuwa mpango wa huruma: badala ya kuwapiga risasi, wapewe makao. Simba wakazaana, wakaanza kula bongo ambao tayari walikuwa wachache. Mwisho ikalazimu simba wapunguzwe, ili bongo wasiishe. Hebu jiulize, msomaji: je, ilikuwa haki? Simba hakutenda dhambi. Alikula kama baba zake walivyokula. Aliyemleta pale ni mtu. Aliyewapunguza bongo hata wakashindwa kuvumilia meno ya simba ni mtu. Na aliyemhukumu simba ni mtu yule yule.

Kuna wanaosema kwamba kuua simba ili kuokoa bongo ni kosa siku zote, kwa sababu kila uhai una thamani yake, na hatuna ruhusa ya kuupima mmoja kwa mwingine. Siwadharau wanaosema hivyo. Lakini nadhani wamesahau tofauti iliyopo baina ya mnyama mmoja na aina nzima. Simba mmoja akifa hapa, simba wangaliko Laikipia, Mara na Serengeti. Bongo wa milimani wakifa katika misitu yetu minne, hakuna msitu mwingine wa kwenda kuazima mbegu. Kifo cha mnyama mmoja huacha pengo lizibwalo na mtoto wake. Kifo cha aina nzima huacha pengo lisilozibika milele. Hata hivyo, hukumu ya namna hii itolewe kwa huzuni, isitolewe kwa majivuno. Atengenezaye alichokiharibu hastahili kupigiwa vigelegele.

Sasa wasimame mashahidi wawili wenye hoja nzito.

Wa kwanza ni mwindaji mwenye leseni. Asema, "Mimi huua wachache kwa kipimo, nalipa fedha nyingi, na fedha hizo huwalinda wengi. Nitoeni mimi, na msitu utakosa mtetezi." Hoja hii haiwezi kupuuzwa. Jirani zetu wa Tanzania wameendelea kuruhusu uwindaji wa leseni katika mapori yaliyotengwa. Huko Marekani, tangu mwaka 1937, kodi ya bunduki na risasi imekuwa ikitumika kwa uhifadhi wa wanyama. Uwindaji wa namna hii waweza kuwa halali pale wanyama ni wengi, hesabu yao ni ya kweli, na fedha zawafikia wanaostahili. Lakini masharti hayo matatu yakikosekana hata moja, hoja yake huanguka. Kwa mnyama ambaye hesabu yake haifiki 100, imekwisha kuanguka kabla haijasimama.

Shahidi wa pili ni mkulima wa ukingo wa msitu, na huyu ndiye ninayetaka umsikilize zaidi. Asema, "Nyinyi mnaowapenda wanyama mwalala wapi? Nyani hawavunji mahindi yenu. Tembo hawavuki mabustani yenu. Mnanikataza nisitege waya, lakini mtoto wangu akitaka karo mwaniambia nitazame uzuri wa msitu." Mtu huyu hasemi uongo. Mara nyingi walio mbali hupata sifa ya kuhifadhi, na walio karibu hupata gharama yake. Maji ya Nyandarua hunywewa Nairobi. Hasara ya Nyandarua hubaki Murang'a na Nyeri. Wema unaolipiwa na mtu mwingine si wema kamili. Ndiyo maana uzio wa umeme wa kilometa 400 hivi, ulioanza kujengwa mwaka 1989 na kumalizika mwaka 2009 kuzunguka msitu huo, una maana kuliko nyaya zake. Ulimkinga mnyama dhidi ya mtu, lakini pia ulimkinga mtu dhidi ya mnyama. Kwa upande wake sheria ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa jamaa za mtu aliyeuawa na mnyama wa mwitu. Fedha hazifufui maiti, na fidia icheleweshwayo ni dhuluma ya pili; lakini sheria ile imekiri kanuni ya haki, kwamba mzigo wa wote usibebwe na mmoja.

Mkulima huyu ana haki ya kudai zaidi: alindwe, alipwe upesi, na akiajiriwa mtu wa kulinda msitu, aajiriwe mwanawe. Lakini hana haki ya kuimaliza aina nzima ya viumbe kwa sababu anadai. Mdai hawi na ruhusa ya kuuza mali ambayo wenye hisa wengine bado hawajazaliwa.

Hesabu nayo ina jambo la kutufundisha. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa miaka mingi bongo walipotea bila habari, kwa sababu hapakuwa na daftari. Siku hizi kamera ndogo hufungwa katika miti, nazo hupiga picha zenyewe mnyama apitapo. Mavi huokotwa na kupimwa. Nyayo hufuatwa na watu waujuao msitu, na miongoni mwao wamo waliokuwa wawindaji zamani. Jambo hili lanifurahisha kuliko yote niliyoandika hapa. Ujuzi ni ule ule: macho yale yale, subira ile ile, sikio lile lile. Kilichogeuka ni kusudi. Mtu hakulazimika kuitupa hekima ya baba yake ili awe mwema. Aliigeuza uso tu.

Tena ziko habari za faraja. Katika miaka ya 1960 na 1970 bongo kadhaa walikamatwa katika milima yetu wakapelekwa katika bustani za wanyama za ng'ambo. Waliowaona wakipakiwa waliweza kusema, kwa haki, kwamba nchi ilikuwa ikinyang'anywa. Lakini wafungwa wale walizaa, na wazao wao wakawa wengi kuliko ndugu zao waliobaki mwituni. Mwaka 2004 walirudishwa 18 kutoka Marekani mpaka Nanyuki, chini ya Mlima Kenya. Mwaka 2022 baadhi ya bongo waliozaliwa huko wakaanza kuachiliwa katika msitu uliotengwa kwa ajili yao. Na Februari 2025 wakaja wengine 17. Bongo aliyezaliwa katika zizi hajui msitu. Ni lazima ajifunze majani ya kwao, baridi ya kwao, hata kupe wa kwao, kama mtoto aliyezaliwa ugenini ajifunzavyo lugha ya bibi yake. Kazi hii ni ndefu, ni ya gharama kubwa, na yaweza kushindwa. Linganisha na wepesi wa kutega waya mmoja, na utaona kwamba kubomoa ni kazi ya mchana mmoja, na kujenga upya ni kazi ya vizazi.

Basi na tulirudie swali letu. Je, kutoua kunatosha? Nadhani umekwisha kuona pamoja nami kwamba hakutoshi. Kutoua ni mlango wa nyumba, nao ni lazima kuupita. Lakini hakuna mtu aishiye mlangoni. Zamani, watu walipokuwa wachache na msitu ukiwa mpana, labda ilitosha mtu kuuzuia mkono wake. Leo idadi ya wanyama imo mikononi mwetu, tupende tusipende. Tukilima inageuka, tukijenga uzio inageuka, tukileta simba inageuka, tukimwondoa inageuka. Hata kukaa kimya ni tendo. Mwenye uwezo wa namna hiyo amekwisha kuwa mlinzi, hata kama hakuuomba ulinzi, na mlinzi haulizwi tu, "Je, uliiba?" Huulizwa pia, "Je, ulichopewa kingaliko?"

Kwa hiyo wajibu wetu, kwa kadiri nionavyo, ni wa namna tatu. Kwanza tujue hesabu, maana huruma bila maarifa ndiyo iliyowaua kulungu wa Kaibab kwa njaa. Pili tuache nafasi, maana uhai bila mahali pa kuishi ni ahadi ya uongo. Tatu tugawane mzigo kwa haki, maana mnyama anayelindwa kwa machozi ya maskini hatalindwa siku nyingi. La kwanza lahitaji akili, la pili lahitaji kiasi, la tatu lahitaji uadilifu. Na mtu aliye navyo vyote vitatu atakuwa mwema kwa wanadamu wenzake pia.

Wewe usomaye leo utakuwa mkulima, au mwalimu, au hakimu, au mtunga sheria. Siku moja utaletewa karatasi uitie sahihi, nayo itahusu msitu. Karatasi hiyo haitakuwa na pembe wala mistari myeupe, na hakuna mnyama atakayelia mbele yako. Utaisaini kwa kalamu safi, kwa mkono usio na tone la damu. Kabla ya kuisaini, kumbuka kwamba juu ya Kangema, ndani ya ukungu, yuko kiumbe ambaye hujapata kumwona na huenda usimwone kamwe, naye hana wakili ila dhamiri yako.